Boti Mbili na Mstari Mwekundu

Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, seremala alimbeba mama yake mgongoni na kushuka naye ngazi kumi na moja hadi ziwani. Binti yake wa miaka kumi na miwili alitangulia na kiti cha magurudumu kilichokunjwa, akihesabu ngazi kwa sauti ili baba yake ajue zimebaki ngapi. Mama alifuata na mfuko wa dawa. Nyuma kabisa alikuja kitinda mimba wa nyumba, mvulana wa miaka minane aliyeitwa Chura, kwa sababu hakuwahi kuona maji akayaacha salama.

Shule na hospitali zote zilikuwa ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo siku hizo walivuka pamoja katika boti nyembamba ya kukodi. Tangu kiharusi kimlegeze mguu wa kushoto, Bibi alihitaji mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Seremala alipomtua ndani ya boti, Bibi alisema neno lilelile kila mara.

"Mzigo umefika. Nani anatia sahihi?"

Wote walicheka. Bibi mwenyewe hakucheka, ila ilichukua muda mrefu mtu kuligundua hilo.

Alhamisi moja boti iliyumba wakati wa kumtua. Mguu wake ulitumbukia majini hadi gotini, kiatu kikachomoka kikaelea zake. Chura alikirukia na kukirudisha, amelowa chepechepe na amefurahi. Siku hiyo Bibi hakuuliza nani anatia sahihi. Alikipakata kiatu kikichuruzika maji mapajani mwake mpaka mlangoni pa hospitali. Jioni seremala aliweka kijiko chini katikati ya chakula na kusema, "Tunanunua boti yetu wenyewe."

Aliyoitaka ilikuwa boti ya maboya. Boti ya namna hiyo ina sakafu bapa kama baraza, iliyokaa juu ya maboya mawili marefu ya alumini, ndani yake hewa tupu. Haiyumbi ovyo mtu anapopanda. Mbele ina kilango kinacholingana na gati, na kiti cha magurudumu huingia kama kinavyoingia sebuleni.

Karakana ya boti ilikuwa mwendo mfupi kutoka nyumbani, na mwenyewe alijulikana kama Fundi Maneno, kwa kuwa boti alizitengeneza kwa mikono na kuziuza kwa mdomo. Alhamisi iliyofuata, jioni, seremala aliwapeleka Mama na watoto huko. Fundi alikuwa na boti mbili za maboya. Zilifanana kama mapacha: urefu mmoja, injini za aina moja, paa la turubai, majaketi ya uokozi chini ya viti. Ya kijivu ilikuwa na mabenchi mawili yaliyonyooka pembeni na uwazi katikati. Ya bluu ilikuwa na kiti cha nusu duara mbele, chenye mito laini, na ngazi ya kuogelea nyuma. Tena ilikuwa imepakwa rangi upya, ikang'aa kiasi cha mtu kujitazama meno.

"Kizuri chajiuza," alisema Fundi Maneno, kisha akaisemea nusu saa nzima.

Msichana alikaa kwenye kile kiti cha nusu duara, na akili yake ikahamia pale pamoja na virago vyake vyote. Alijiona akiingia gatini pa shule, upepo usoni, wenzake wamepanga mstari. Kesho yake, Ijumaa, alishindwa kunyamaza. Darasani alitangaza kwamba kwao wamepata boti ya bluu.

"Mmeshainunua?" aliuliza binti wa mpiga picha, ambaye kwao walikuwa na kila kitu na hakuwa mwepesi wa kushangaa.

"Ni kama tumeshanunua. Jumatatu mtaniona nayo."

"Haya, tutaona."

Neno hilo dogo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nyumbani msichana huyo aliitwa Karani. Jina alipewa na Bibi, siku alipomkuta, akiwa na miaka saba, ameandika ukutani kwa mkaa idadi ya mayai ya kila kuku, na pembeni jina la kuku aliyekuwa anakula bure. Tangu hapo aliachiwa daftari. Seremala alipopima ubao alitaja namba, Karani akaandika. Mteja akibisha kwamba meza yake imepunjwa, seremala hakugombana naye. Alisema tu, "Kamuulize Karani," na ubishi ukaishia hapo.

Ijumaa hiyo waliporudi kutoka shule, familia ilijadili boti mezani kana kwamba wanachagua mchumba.

"Mimi sitazami rangi," alisema Mama. "Natazama kilango. Kiti cha Bibi kipite bila kukwaruza."

"Vilango ni sawa. Karani?" aliuliza seremala.

"Sentimita tisini, zote mbili," alisema Karani bila kufungua daftari.

"Ya bluu ina ngazi ya kuogelea!" alipiga kelele Chura.

"Wewe na ngazi wapi na wapi? Unaingia majini kama jiwe." Mama alimgeukia Bibi. "Mama, wewe unaonaje?"

"Mimi nipeni isiyozama," alisema Bibi. "Rangi nitaitazama nikiwa hai."

Watu wa upande ule wa ziwa hawanunui boti kabla ya kuilaza. Kuilaza ni kuiacha majini siku mbili ikiwa na uzito, ili ioneshe tabia zake. Basi jioni ileile Fundi Maneno alizifunga boti zote mbili gatini kwake, kila moja katikati ya njia mbili nyembamba za mbao. Wakapakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa familia nzima. Bibi alikuwa amekataa kutaja uzito wake, akisema uzito wa mwanamke hauandikwi, kwa hiyo Karani alikadiria mfuko mmoja na robo. Kisha Karani akalala kifudifudi kwenye mbao, akachora kwa chaki nyekundu ya nta, isiyofutwa na maji, mstari pale maji yalipogusa boya: mbele na nyuma, kushoto na kulia.

Maana ya mstari ule kila mtu aliijua. Baada ya siku mbili, maji yakiwa yamebaki mstarini, boya ni zima. Yakiwa yameupita, boya linakunywa, na boya linalokunywa halijui kutosheka.

Zamani kazi ya kusoma mstari ilikuwa ya seremala mwenyewe. Lakini miaka miwili ya kumbeba mama yake ilikuwa imemharibu mgongo. Akilala kifudifudi hakuinuka tena bila kuvutwa. Hivyo Jumapili asubuhi, yeye alibaki juu na Fundi Maneno wakikagua injini, na Karani akaenda kusoma peke yake, kalamu sikioni.

Alianza na ya kijivu. Maji yalilamba mstari mwekundu, hayakuupita hata kwa unene wa ukucha. Akaandika: *Kijivu: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.*

Akahamia ya bluu. Boya la kulia lilikuwa sawa, mbele na nyuma. Boya la kushoto, mbele, maji yalikuwa yamepanda kidole kimoja juu ya mstari. Nyuma, mstari hakuuona kabisa. Aliinama zaidi, akatia mkono majini, akaukuta. Ulikuwa vidole viwili chini ya maji, mwekundu kama alivyouchora.

Alibaki amelala pale muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Vidole viwili ni nini? Pengine mchanga umesogea kwenye mifuko. Pengine jana imepita boti kubwa ikaleta mawimbi. Pengine alipochora mkono ulitetemeka. Uongo haujawahi kukosa wakili, na wa Karani siku hiyo alikuwa fasaha. Alikumbuka Jumatatu, na binti wa mpiga picha, na lile neno lake. Akaandika: *Bluu: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.* Sifuri ya mwisho haikufunga vizuri, ikawa kama yai lenye ufa.

Seremala alipokea daftari, akapitisha kidole gumba juu ya namba, akalirudisha.

"Zote nzima," alimwambia Fundi Maneno. "Basi mama yangu mwenyewe atachagua."

Karani alikuwa ametegemea kuulizwa mara ya pili. Angeulizwa mara ya pili, labda angesema. Lakini tangu akiwa na miaka saba hakuna mtu aliyemuuliza mara ya pili.

Hazikupita dakika nyingi, Mama akafika akikisukuma kiti cha Bibi, na Chura mbele yao. Fundi Maneno alimwamkia Bibi mara mbili, kwa heshima na kwa biashara. Mifuko ya mchanga ilikuwa imesogezwa pande zote mbili, sawa kwa sawa, kupisha kiti. Bibi aliingizwa kwanza kwenye ya kijivu, akazungushwa, akasema, "Pana nafasi." Kisha akaingizwa kwenye ya bluu. Aligusa mito ya kile kiti cha nusu duara. Akatazama mbele, ng'ambo, kilipo kituo chake cha mazoezi.

"Kumbe mtu anaweza kuingia na kutoka bila kushikwa," alisema polepole.

Karani hakuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile.

"Chukua hii, Bibi! Hii, hii!" Chura alikuwa ameshapanda ngazi ya kuogelea na kushuka mara tatu.

"Ngoja nimuulize mwenye kazi yake." Bibi aligeuza kiti. "Karani, njoo hapa mjukuu wangu. Wote hawa wametazama viti na paa. Wewe ndiye uliyelala chini ukayaona maji. Mimi sijui kuogelea, na mguu huu ukinizamisha hautanitoa. Niambie kama rafiki yako. Nipande ipi?"

Ilikuwa rahisi kujibu. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, na lilikuwa limeshaandikwa daftarini. Lakini Karani alikuwa akitazama kiatu cha Bibi cha mguu wa kushoto. Kilikuwa kilekile kilichoelea ile Alhamisi, na ngozi yake ilikuwa imejikunja kwa maji. Aliogopa. Hakuogopa kugombezwa. Aliogopa kile kiatu.

"Si hii, Bibi."

"Kwa nini?"

"Boya la kushoto linakunywa. Vidole viwili nyuma, kimoja mbele."

Seremala alisogea taratibu.

"Daftari linasema sifuri," alisema. "Ulikosea kusoma?"

Sauti yake ilikuwa ya upole, na Karani alijua kwamba baba yake anamfungulia mlango wa kutokea. Angeweza kusema ndiyo, nilikosea, na kila kitu kingekwisha hapo.

"Sikukosea, Baba. Nilisoma sawa. Nikaandika uongo, kwa sababu niliitaka hii. Shuleni nimeshasema ni yetu."

Seremala aliwateremsha wote botini, mifuko ya mchanga ikabaki. Alishuka kwenye njia ya mbao, akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi, akiuma meno kwa maumivu ya mgongo. Akatia mkono majini nyuma ya boya la kushoto na kuupapasa mstari. Alipomaliza, Mama na Fundi Maneno walimwinua, huyu huku na huyu kule, na jasho lilikuwa limemtoka. Karani aliona yote. Angepigwa angelia akanyamaza. Hili la baba yake kwenda kutazama kwa macho yake mwenyewe lilimuuma, na hakujua alililie vipi.

"Ni kweli," alisema seremala. "Vidole viwili."

Waliteremsha mifuko, wakaivuta boti nchi kavu kwa mnyororo wa karakana. Fundi Maneno akafungua kizibo cha chini cha boya la kushoto. Maji yalitoka kama ya bomba. Ndoo ya kwanza ikajaa, ya pili ikafika nusu, na bado yalidondoka. Alikwangua rangi mpya karibu na mshono wa kuchomelea, na chini yake pakaonekana ufa mwembamba kama unywele, mrefu kama kiganja.

Kwa mara ya kwanza, mwenye maneno alikosa neno. Alisimama na kizibo mkononi.

"Mama, nisamehe," alimwambia Bibi hatimaye. "Niliinunua kwa mtu, nikaipaka rangi, sikuilaza. Nilitazama ninachouza, sikutazama atakayepanda. Ingewazamia kule katikati, mimi ningeficha wapi uso?"

"Uzuri wa mkakasi," alisema Bibi, "ukipata maji basi."

"Si itengenezwe?" aliuliza Chura, mkono wake bado kwenye ngazi.

"Itatengenezwa," alisema Fundi Maneno. "Lakini nitalifungua boya zima, na nikilifunga nitailaza boti wiki, si siku mbili. Bibi yako hawezi kungoja."

"Tunachukua ya kijivu," alisema seremala.

Njiani kurudi hakuna aliyemgombeza Karani. Angependa wamgombeze. Walipofika, seremala alimwita karakanani kwake, akakaa kwenye benchi la kupigia randa na kumwonesha nafasi pembeni.

"Anayekosea kusoma, nitamfundisha," alisema. "Anayesoma sawa akaandika uongo, huyo nimfundishe nini? Anajua tayari."

Karani aliinamisha kichwa.

"Unajua kwa nini sikutazama mwenyewe asubuhi?"

"Mgongo, Baba."

"Mgongo ni sababu ndogo. Sikutazama kwa kuwa wewe ulikuwa umetazama. Umeniudhi leo, mwanangu, sikufichi. Tena umeniogopesha, maana ningemweka mama yangu humo huku nacheka." Alichukua randa, akaiweka kando. "Boti yetu tutaisoma mstari kila wiki. Wewe utasoma na kuandika. Kisha Chura atasoma nyuma yako, mpaka nitakaposema basi."

"Chura?" Karani aliinua uso. "Baba, Chura hata sifuri anaiandika kichwa chini!"

"Sifuri haina kichwa," alisema seremala, na midomo yake ikacheza kidogo. "Nenda ukale."

Jumatatu asubuhi ngazi zilikuwa kumi na moja vilevile. Fundi Maneno, ambaye usiku hakulala vizuri, alikuja alfajiri na mbao zake na kuweka ukingo kwenye ile njia ndefu ya mteremko iliyozunguka ngazi, ambayo zamani ilipitishwa mikokoteni tu. Hakutaka malipo, na safari hii hakusema mengi. Kiti cha Bibi kiliteremka kwa magurudumu yake hadi gatini, kikaingia kwenye kilango cha boti ya kijivu bila kukwaruza. Karani alilala kifudifudi, akasoma, akaandika. Chura akalala pembeni yake, akatazama kwa jicho moja kama fundi saa.

"Sifuri," alitangaza. "Nimemkagua. Leo amesema kweli."

"Mshukuru mkaguzi," alisema Mama, akiwasha injini huku seremala akifungua kamba.

Katikati ya ziwa Bibi alimwita Karani akae karibu naye kwenye benchi lililonyooka. Halikuwa na mito.

"Umenuna?"

"Hapana, Bibi. Nina aibu."

"Aibu ni nzuri, usiitupe haraka." Bibi alitazama maji yakipita pembeni. "Nataka ujue kitu kimoja. Jana uliniweka hatarini kwa kalamu, tena kwa sifuri mbili tu. Mtu akishaaminiwa, kosa lake dogo huwa kubwa, kwa sababu nyuma yake hakuna anayetazama tena. Ndiyo maana mtu wa kuaminiwa husema kweli hata pale ambapo hakuna wa kumkamata. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Basi. La pili ni hili. Baba yako alikufungulia mlango wa uongo mwingine, na hukupita. Hilo nililiona." Bibi alimshika kidevu. "Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Huyu mjukuu wangu amekuja kabla sijazama. Namshukuru."

Karani alicheka na machozi yakamtoka, yote kwa pamoja, na Chura akamtazama kwa mashaka.

Gatini pa ng'ambo wanafunzi walikuwa wamejaa, na binti wa mpiga picha alikuwa mstari wa mbele, mikono kifuani.

"Ulisema ni ya bluu," alisema, kabla hata kamba haijafungwa.

"Nilisema," alijibu Karani. "Ya bluu inakunywa maji. Nilijua, nikaficha, halafu nikasema. Tukachukua hii."

Binti wa mpiga picha alikuwa amejiandaa kwa majibu mengi, lakini hilo halikuwamo. Alitazama boti, akamtazama Bibi, kisha akasogea pembeni kupisha njia.

Seremala alifungua kilango na, kwa mazoea ya miaka miwili, akageuka na kuinama ili mama yake apande mgongoni. Bibi alimgonga begani.

"Toka njiani, baba," alisema.

Akashika magurudumu kwa mikono yake miwili, akayasukuma mara moja, mara mbili, akavuka kutoka kwenye boti hadi kwenye mbao za gati. Alisimamisha kiti pale, akavuta pumzi, akaigeukia familia yake iliyobaki nyuma ndani ya boti imemkodolea macho. Kisha akacheka, yeye mwenyewe, kwa sauti.

"Leo," alisema, "hakuna wa kutia sahihi."